Waliosema Bado Sijui

Watu mia mbili na kumi na mmoja!

Wiki jana tulimwacha Delphine Ouellette akiitazama namba hiyo, mkono mdomoni, saa nne asubuhi ya siku ya kura, ndani ya chumba cha simu cha Chuo cha Ashbrook, hapa New Hampshire. Watu mia mbili na kumi na mmoja walikuwamo kwenye faili. Kwenye utabiri hawakuwamo.

Kama hukuwa nasi, shika mambo mawili tu. La kwanza: Delphine, msichana wa miaka ishirini na minane anayeona haya hata kuagiza kahawa, ndiye aliyepiga hesabu ya kura ya maoni iliyotangazwa Jumapili. Mchujo wa kumpata mgombea urais wa chama cha Democratic: Gavana Stroud asilimia 46, Seneta Roberta Kincaid asilimia 37. La pili: dada yake wa pekee, Giselle, ndiye anayeongoza kampeni ya Kincaid. Tangu Jumapili hawajasemeshana.

Delphine alifungua fomu ya kwanza kati ya zile 211.

Utapiga kura Jumanne? Ndiyo. Utachukua karatasi ya chama gani? Bado sijui.

Baada ya hapo hakuna kitu. Simu imekatwa.

Akafungua ya pili. Bado sijui, simu imekatwa. Ya kumi. Ya hamsini. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Tumewafukuza."

Huku kwetu mtu asiye na chama hufika mezani siku ya mchujo, ambayo vyama vyote viwili hupiga pamoja, akachukua karatasi anayoitaka, ya upande huu au ule, na papo hapo huandikwa mwanachama. Akimaliza, anatia saini ya kujiondoa kwenye meza ya pembeni na kutoka nje akiwa hana chama tena, kama alivyoingia. Watu hao ni wengi, na wana fahari yao: hawamwambii mtu watachukua karatasi ipi, hata mke, hata mume. Wengine hawajui wenyewe mpaka waifikie meza. Kuwapigia simu Alhamisi ile ya kukusanya maoni na kuwakatia kwa sababu hawajaamua ni kosa la mgeni.

Na Delphine amezaliwa maili nne kutoka hapo.

Mlango ukasukumwa kwa goti. Bi Verna Stoddard aliingia na vikombe viwili vya kahawa na donati mfukoni mwa koti. Aliendesha basi la shule miaka thelathini kabla hajaja kupiga simu kwenye kituo hiki cha kura ya maoni.

"Uso gani huo? Nani kafa?"

"Bi Verna, Alhamisi mtu akikwambia bado sijui, ulifanyaje?"

"Nilifanya kilichotokea kwenye kioo. Asante, kwaheri, siku njema. Kuna mzee alinitukana mpaka nikatamani kumshtaki kwa mwalimu mkuu."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa sana. Lakini kompyuta ndiyo iliyosema. Ingekuwa mtoto kwenye basi langu ningeishusha njiani."

Delphine akavuta simu mbili, moja akamsukumia.

"Tuwapigie. Wote. Sasa hivi."

Mtu wa kwanza kupokea alikuwa mzee aitwaye Norbert Lachance.

"Nani?"

"Naitwa Delphine, napiga kutoka Kituo cha Kura ya Maoni cha Ashbrook..."

"Nyinyi! Mmenikatia simu Alhamisi! Nimeacha supu yangu ikapoa, nimesema neno moja, mkanikatia!"

"Samahani sana, mzee wangu. Leo nimepiga kusikiliza."

"Umechelewa. Nimeshapiga kura."

"Ulichukua karatasi gani, kama si siri?"

"Ya Republican."

Delphine akashusha pumzi. Basi huyu asingebadilisha chochote. "Ndiyo uliyoikusudia tangu mwanzo?"

"Nani kasema? Nilikuwa na yule mama, Kincaid. Nampenda, hana maneno mengi. Lakini Jumapili gazeti likasema kaachwa kwa pointi tisa. Nikajisemea moyoni, huko kumekwisha, kura yangu itafanya kazi gani? Upande wa pili wanakabana koo. Nikaenda huko."

"Gazeti lilisema limezipata wapi hizo tisa?"

"Binti, unanichezea? Si kwenu?"

Kalamu ikamtoka Delphine mkononi.

Umeona, msomaji? Alidhani utabiri wake umekosea tu. Mvua ukiitabiri vibaya, mvua haina habari nawe, inanyesha ikitaka. Lakini mzee Lachance anasoma gazeti.

Upande wa pili wa meza Bi Verna alikuwa anafoka kwenye simu yake. "Usinidanganye, Clayton. Nimekubeba basi namba nne tangu una meno sita. Ulichukua karatasi ipi? ... Kwa nini? ... Eti kumekwisha? Nani kakwambia kumekwisha?" Akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia Delphine. "Kasema sisi."

Walipiga bila kula. Watu 147 hawakupokea, au walipokea na kutukana. Watu 64 walijibu. Saa nane na nusu mchana Delphine akajumlisha.

Thelathini na wanane walikuwa wameshapiga kura. Ishirini na mmoja kati yao walichukua karatasi ya Republican, na wengi wao walisema yale yale ya mzee Lachance: wangempa Kincaid, lakini walisikia mambo yamekwisha.

Ishirini na sita walikuwa bado. Hawa walikuwa kazini, kiwandani, hospitalini, dukani. Walisema watapita ukumbi wa kupigia kura wakitoka. Karatasi gani? Bado sijui.

"Ishirini na sita kati ya sitini na nne," Delphine alisema. "Bi Verna, hesabu jimbo zima. Ni maelfu ya watu. Bado wanaweza kumwokoa Kincaid. Vituo vinafungwa saa moja jioni."

Simu yake ikalia. Kwenye kioo kulikuwa na jina ambalo halikuonekana tangu Jumapili. Giselle!

"Dada?"

"Nimekupigia ufurahi," Giselle alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kama mtu aliyelia akamaliza. "Saa kumi anajitoa."

"Nani anajitoa?"

"Nani mwingine? Seneta. Watu wa Stroud wamemwahidi cheo akijitoa kabla vituo havijafungwa na kuwaambia watu wetu wampe Gavana. Amekataa tangu jana. Leo kauliza mara moja tu, ile tisa ni ya kweli? Nikasema ni ya mdogo wangu, na mdogo wangu hakosei hesabu. Nilikutetea, Delphine. Umenichinja na bado nilikutetea."

"Giselle, ngoja, sikiliza..."

Simu ikakatwa.

Delphine alipanda ngazi mbili mbili mpaka ofisi ya Profesa Alden Whitcomb. Yule mzee mpole aliyemfundisha tangu ana miaka kumi na tisa alikuwa anafunga tai mbele ya dirisha. Saa mbili usiku angekuwa kwenye televisheni.

"Profesa, kuna watu 211 hatukuwahesabu!"

Hakugeuka. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Delphine.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu Ijumaa. Niliwarudisha kwenye hesabu, nikawapa majibu ya majirani zao waliojibu. Stroud akabaki anaongoza kwa pointi moja." Sasa akageuka. "Pointi moja, Delphine! Vituo vingine sita vya kura ya maoni vimesema nane, tisa, kumi. Nitoke mimi peke yangu na moja?"

"Kama ndiyo kweli, ndiyo."

"Ukikosea pamoja na wenzako, kesho yake watu husema uchaguzi ulikuwa mgumu kutabirika. Ukikosea peke yako, wanakuuliza ulikuwa umelala wapi. Kwa hiyo nikawatoa tena, na tisa yako ikakaa vizuri katikati ya wenzake."

"Lakini wale wengine sita wote wamepata karibu na tisa kwa njia yao."

Profesa alimtazama kwa huruma.

"Unadhani wao Ijumaa walikuwa wanafanya nini?"

Nje theluji ilidondoka kutoka paani, puu.

"Tutangaze masahihisho," Delphine alisema. "Sasa hivi. Kincaid anajitoa saa kumi kwa sababu ya namba ambayo wewe mwenyewe hukuiamini."

"Siku ya kura hatutangazi kitu. Na umejuaje kwamba anajitoa?"

Delphine aliuma ulimi, lakini alikuwa amechelewa.

"Dada yako," Profesa alisema polepole. "Binti yangu, nisikilize. Ulitia saini siku ya kwanza. Namba haivuki mlango huu kwenda kwa mgombea, yeyote yule. Ukivuka nayo, hakuna kituo kitakachokupokea tena, hapa wala kwingine. Na kazi hii ndiyo kitu pekee nilichowahi kukuona ukikifanya bila woga."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana iliuma.

Delphine alishuka ngazi akiwa na karatasi moja mkononi. Bi Verna alikuwa mlangoni ameshavaa kofia, funguo za gari zikilia kidoleni.

"Nimesikia yote," alisema. "Ngazi zenu hizi hazitunzi siri. Unakwenda au huendi?"

"Nikienda nimejimaliza, Bi Verna."

"Na usipokwenda?"

Delphine aliwaza watu ishirini na sita wakivua aproni, wakitafuta glavu, wakiingia kwenye magari ya baridi. Kila mmoja akidhani bado ana neno la kusema.

"Endesha," alisema.

Ofisi ya Kincaid ilikuwa kwenye lililokuwa duka la viatu. Waandishi walikuwa wamejaa mbele, jukwaa dogo limewekwa pale palipokuwa na kaunta. Vijana wa kampeni walikaa sakafuni kati ya maboksi ya piza, hakuna aliyezungumza. Mmoja alikuwa anang'oa mabango ukutani kwa uangalifu, asiyachane.

Saa tisa na dakika ishirini na tano.

Giselle alimwona kwanza. Akamzibia njia.

"Umekuja kuhesabu maiti?"

"Dada, nilikosea."

"Nini?"

"Ile tisa. Nilikosea. Nipeleke kwake."

Giselle alimtazama usoni kwa muda. Alimfahamu huyu mtoto tangu wakilala kitanda kimoja. Hajawahi kumsikia akisema amekosea hesabu. Akamshika mkono, akamkokota mpaka chumba cha nyuma.

Seneta Kincaid alikuwa ameketi kwenye kiti cha kujaribia viatu, hotuba magotini. Zamani alikuwa hakimu, na bado alimtazama kila mtu kama shahidi.

"Ni mdogo wangu," Giselle alisema. "Yule wa namba."

"Sema," Seneta alisema.

Delphine akasema yote. Wale 211, zile simu, mzee Lachance, thelathini na wanane waliopiga kura, ishirini na sita waliobaki. Profesa na ile pointi yake moja ya Ijumaa. Alipomaliza, Giselle alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili.

Seneta hakutikisika.

"Hao sitini na nne uliowapata leo. Hesabu yao inaweza kukosea kwa kiasi gani?"

"Pointi kumi na mbili. Juu au chini. Pengine zaidi, kwa sababu anayepokea simu mchana si sawa na aliyeko kazini."

"Kwa hiyo inawezekana niko nyuma kwa kumi na tatu."

"Inawezekana."

"Au niko mbele."

"Au uko mbele."

"Delphine, jamani!" Giselle alilia. "Mpe kitu cha kushika!"

"Sina, dada! Sina! Ningekuwa nacho ningempa!" Delphine alijisikia akipaza sauti na akaogopa, lakini hakuacha. "Seneta, Jumapili nilisema najua, kumbe sikujua. Leo nimekuja kusema sijui. Hakuna anayejua. Kuna watu wanatoka kazini sasa hivi, wataamua wakiwa wamesimama mbele ya ile meza. Ukijitoa utakuwa umewaamulia. Nimeshawafanyia hivyo mara moja. Usiwafanyie tena."

Seneta Kincaid aliitazama hotuba yake. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Umeweka nini rehani kuja hapa?"

"Kazi yangu."

"Jina lako halitatajwa," Seneta alisema, akasimama. Alipompita alimgusa bega. Delphine akadhani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwamba pengine ataweza kulala.

Saa kumi kamili. Seneta akapanda jukwaani. Taa za kamera zikawaka, redio ya jimbo ikaingia hewani moja kwa moja. Delphine alijificha nyuma kabisa, ukutani, kando ya Bi Verna.

"Mliambiwa mje mnisikie nikiaga," Seneta alisema. "Mlidanganywa. Siendi popote!"

Vijana wakaruka kutoka sakafuni kama waliomwagiwa maji. Giselle alikuwa analia na kucheka. Bi Verna akampiga Delphine kiwiko cha mbavu. "Umemwokoa, wewe mtoto! Umemwokoa!"

"Na nitawaambia kwa nini," Seneta aliendelea, akiinua mkono. "Nusu saa iliyopita nimeletewa hesabu mpya. Ile tisa ilikuwa ya uongo. Ukweli ni kwamba sasa hivi, wakati huu tunaozungumza, mimi ndiye ninayeongoza!"

Delphine akabanduka ukutani.

"Sikusema hivyo," alisema. Hakuna aliyemsikia. "Bi Verna, sikusema hivyo!"

Kwenye redio za magari kote jimboni, kwenye maegesho ya viwanda na hospitali, watu wale wale walikuwa wanasikia. Kincaid anaongoza. Na akina mzee Lachance wengine, maelfu yao, wangesema nini? Aa, basi yule mama hana shida. Hanihitaji. Ngoja nikapige kura upande wa pili wanakokabana koo.

Ingemwua Kincaid tena. Namba ile ile, imegeuzwa nje ndani, ingemwua tena kabla ya saa moja jioni.

"Hesabu ya nani?" mwandishi mmoja alipiga kelele. "Seneta, hesabu ya nani?"

Seneta alisita. Delphine alimwona akisita, na kwa sekunde moja alimwamini.

"Ya kituo kile kile cha Ashbrook," Seneta alisema. "Aliyeipiga amesimama pale nyuma."

Kidole kikanyooka. Vichwa vyote vikageuka. Kamera zikageuka. Mikono ya watu asiowajua ilimshika Delphine mabegani ikamsukuma mbele, kwa furaha, kwa mapenzi, huku wakimwita shujaa, mpaka akajikuta jukwaani na kipaza sauti mbele ya midomo yake. Seneta alimwinamia sikioni.

"Ndiyo moja tu, binti. Sema ndiyo, ushuke."

Delphine alijua akisema ndiyo, anawadanganya watu wale wale mara ya pili katika siku tatu. Akisema hapana, Kincaid anaonekana mwongo mbele ya jimbo zima, zikiwa zimebaki saa tatu vituo vifungwe, na Giselle amekwisha.

"Ni kweli, dada?" mtangazaji wa redio aliuliza kutoka chini ya jukwaa. "Seneta anaongoza?"

"Naitwa Delphine Ouellette," alisema. Sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa kuliko alivyowahi kuisikia. "Hesabu ya Jumapili niliipiga mimi, nayo ilikuwa na makosa. Kuna watu waliohama kwa sababu yake. Nawaomba radhi. Kama hujapiga kura, nenda kwa yule unayemtaka, na usihame tena kwa ajili ya namba yangu yoyote. Na hii ya leo, Seneta anaposema anaongoza, ukweli ni kwamba..."

Spika zikafa.

Midomo yake ilikuwa bado inatembea, lakini ukumbi haukusikia kitu. Akageuka.

Nyuma ya jukwaa Giselle alikuwa amepiga magoti. Waya ulikuwa mkononi mwake, umechomolewa. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akimtikisia utotoni wakiwa wamevunja kitu na baba anakuja. Usiseme, mdogo wangu. Usiseme.

"Waya umechomoka tu!" Seneta alicheka kwa waandishi. "Tulieni, utarudi!"

Lakini mtangazaji wa redio hakutulia. Alipanda jukwaani kwa goti moja, akanyoosha mkono juu ya viatu vya Seneta, akakileta kipaza sauti chake kidogo cheusi mpaka chini ya kidevu cha Delphine.

"Malizia, dada," alisema. "Changu hakijachomolewa."